Sisimizi Asiye na Jina: Jinsi Spishi Mpya za Jangwani Zinavyopatikana na Kuthibitishwa

Kumwokota sisimizi jangwani ni kazi ya dakika moja. Kuthibitisha kwamba hakuna aliyewahi kumpa jina tangu mwaka 1758, mwaka ambao majina ya kisayansi ya wanyama huanza kuhesabiwa, ni kazi ya miaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipima muda unaopita kati ya siku kiumbe anapokusanywa na siku anapotangazwa kuwa spishi mpya, na wastani ukawa miaka 21. Miaka hiyo yote kielelezo kimelala kwenye droo ya makumbusho, kimewekwa kwenye pini na kuwekewa lebo, kikimngoja mtu mwenye muda, hadubini na vielelezo vya kulinganisha. Kwa hiyo habari zinaposema spishi mpya ya sisimizi imegunduliwa jangwani, mara nyingi ugunduzi wenyewe ulifanyika mezani.

Familia ya sisimizi, Formicidae, ina spishi zaidi ya 14,000 zenye majina halali. Jangwa haliwezi kushindana na msitu wa mvua kwa wingi wa spishi, lakini linashinda kwa ugumu wa kuzitenganisha. Mchanga unakwangua alama za mwilini, wafanyakazi wa kiota kimoja hutofautiana ukubwa kupita kiasi, na wataalamu wa zamani waliacha majina mengi yaliyorundikana juu ya sisimizi walewale. Asiyejua mambo haya hutangaza spishi mpya ambayo baada ya miaka michache hufutwa na kuwa sinonimu, yaani jina la ziada la mnyama aliyekwisha kutajwa.

Saa na majira

Sisimizi wa jangwani hawatoki wote kwa pamoja. Cataglyphis bombycina, sisimizi mwenye manyoya ya rangi ya fedha wa Sahara, hutoka adhuhuri kwa muda mfupi, pale mchanga unapokuwa na joto la kuwafukuza mijusi wanaomwinda. Mwili wake huvumilia hadi takriban nyuzi 53 za Selsiasi. Joto likizidi hapo anakufa. Katika jangwa la Namib, sisimizi wa jenasi (kundi la spishi zenye undugu) ya Ocymyrmex hutafuta chakula kwenye joto kama hilo, wakipanda vijiti na mashina ya nyasi ili wapoe kabla ya kuendelea kukimbia. Camponotus wengi, kwa upande wao, ni wa usiku, na Messor wavuna mbegu huhamia alfajiri na magharibi kiangazi kinapokaza.

Mkusanyaji anayefanya kazi kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne tu ataondoka na orodha yenye pengo kubwa, na hatajua kwamba ina pengo. Ukanda uleule upitiwe angalau mara nne: alfajiri, asubuhi jua likishapanda, adhuhuri kamili, na saa mbili au tatu usiku kwa taa ya kichwani. Kila mara joto la uso wa mchanga lipimwe na kuandikwa. Kipimo hicho hakina gharama yoyote, na baadaye husaidia kutenganisha spishi mbili zinazofanana sura lakini zinazopishana saa za kutoka.

Majira nayo yana uzito. Katika ukame mrefu viota vya wavuna mbegu vinaweza kufungwa kabisa, mdomo ukazibwa kwa mchanga, na mtu akapita juu yake bila kujua. Mvua ikinyesha mambo hugeuka: malkia wenye mabawa na madume hutoka kwa ajili ya kujamiiana. Siku hizo chache zina thamani kuliko wiki nzima ya kiangazi, kwa sababu katika jenasi kadhaa za jangwani alama za uhakika ziko kwa dume. Mapitio ya Cataglyphis yaliyofanywa na Donat Agosti mwaka 1990 yaliyapanga makundi ya spishi kwa kutegemea sana umbo la viungo vya uzazi vya dume. Mwenye wafanyakazi pekee anaweza kukwama katika kundi bila kufika kwenye spishi.

Mitego, na jinsi inavyoharibika

Njia bora kuliko zote ni kuchukua vielelezo kutoka ndani ya kiota. Hapo ndipo unapopata wafanyakazi wadogo na wakubwa, malkia, madume na mabuu kwa mkupuo mmoja, na una hakika kwamba waliishi pamoja. Katika mchanga mlegevu usichimbe kutoka juu, maana njia zote zitaporomoka. Chimba handaki sentimita 30 hivi kando ya mdomo wa kiota, lishuke kuliko unavyodhani kiota kinafika, kisha kata ukuta wake polepole kuelekea kiotani kwa koleo dogo. Vyumba vitafunguka kimoja baada ya kingine, nawe utawavuta sisimizi kwa kifyonzaji cha mdomo. Chukua wafanyakazi 20 hadi 30 wa ukubwa wote. Usichague wakubwa kwa sababu tu wanaonekana vizuri. Kosa hilo litarudi kukusumbua kwenye vipimo.

Kwenye jenasi Ocymyrmex kuna hatari nyingine: malkia hana mabawa na anafanana na mfanyakazi. Wakusanyaji wengi humwacha wakidhani hawakumpata. Kila anayeonekana kuwa na kidari kilichotuna kidogo au fumbatio kubwa kuliko wenzake awekwe kwenye chupa.

Mitego ya shimo ni vikombe vilivyozikwa hadi ukingo ukalingana na ardhi, vikiwa na kimiminika ndani. Vikombe 10 hadi 20 vyenye mdomo wa milimita 40 hadi 50, kwa umbali wa mita 10 kati ya kimoja na kingine, vikiachwa saa 48 hadi 72, ni mpango unaofanya kazi. Jangwani usitumie maji au ethanoli peke yake, vyote vitakauka kabla hujarudi. Propilini glikoli haikauki upesi. Tone moja la sabuni isiyo na harufu likiongezwa, sisimizi huzama badala ya kuelea. Mara nyingi kinachoharibu kazi ni upepo. Ukila mchanga unaozunguka kikombe, ukingo hubaki umechomoza kwa milimita mbili au tatu, na kwa sisimizi mwenye urefu wa milimita mbili huo ni ukuta. Ukileta mchanga, kikombe hujaa. Ukanda wa udongo mgumu au wavu mwembamba uliozikwa kuzunguka ukingo husaidia, na kila mtego ukaguliwe kila siku. Tena, kuchimba kwenyewe huwavutia sisimizi wa viota vya karibu, hivyo vikombe vizikwe vikiwa vimefunikwa, vifunguliwe baada ya siku kadhaa. Waya wenye matundu ya sentimita moja juu ya kikombe huzuia mijusi na panya wasife bure.

Kumtenga sisimizi na mchanga ndani ya kikombe: koroga taratibu, subiri mchanga utulie kwa sekunde chache, mimina kimiminika cha juu kwenye chujio laini, rudia mara tatu. Usitikise kwa nguvu, kila chembe ya mchanga ni msasa.

Njia ya kuchekecha majani makavu, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa kazi ya msituni, jangwani ina nafasi ndogo. Inafaa chini ya migunga na vichaka pekee, mahali ambapo takataka za majani zimekusanyika. Chambo cha tuna au asali huleta spishi zilizo kali na nyingi na huwafukuza wanyonge, kwa hiyo kisiwe njia pekee. Chambo cha mbegu husaidia kwa Messor na jamaa zake.

Kisha kuna walio chini kabisa. Mwaka 2024 ilichapishwa spishi iitwayo Leptanilla voldemort kutoka Pilbara, eneo kame la Australia Magharibi. Ni sisimizi mwembamba, aliyepauka, asiye na macho. Alipatikana kwa kushusha wavu ndani ya shimo la kuchimbwa kwa mashine lenye kina cha mita 25, kisha kuuvuta juu ukikwangua kuta za shimo. Wafanyakazi wawili tu walitoka. Hakuna kikombe wala chambo cha juu ya ardhi ambacho kingemnasa, na inafaa kukumbuka hilo kila mtu anaposema eneo fulani la jangwa limekwisha kuchunguzwa.

Chupa, lebo na safari ya kurudi

Ethanoli ya asilimia 95 hutunza DNA lakini humkausha sisimizi akawa mgumu, miguu ikakatika wakati wa kumpanga. Ya asilimia 70 hadi 75 humwacha mlaini lakini DNA huharibika mapema. Jawabu la busara ni kugawa kila kiota katika chupa mbili. Chupa isijazwe sisimizi zaidi ya theluthi moja, na ethanoli ya asilimia 95 ibadilishwe baada ya siku moja kwa sababu maji ya miili yao huizimua. Chupa zikiachwa ndani ya gari lililofungwa juani, kuna uwezekano mkubwa kwamba DNA unayotaka haitasomeka. Zikae kivulini, ndani ya sanduku la kuhifadhia baridi kama lipo.

Lebo iingie ndani ya chupa, iandikwe kwa penseli au wino usioyeyuka kwenye alkoholi. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka na kuacha karatasi nyeupe, na kielelezo kisicho na mahali wala tarehe hakina kazi kwa taksonomia, sayansi ya kuainisha viumbe na kuvipa majina. Andika nchi, mahali, latitudo na longitudo pamoja na mfumo wa ramani uliotumika (kwa kawaida WGS84), mwinuko, tarehe, saa, aina ya ardhi na mimea, njia ya kukusanya, jina la mkusanyaji na namba ya kiota. Namba ya kiota husahaulika sana, nayo ndiyo itakayotatua mabishano yote baadaye.

Vibali vya kukusanya na vya kusafirisha nje ya nchi vipatikane kabla ya safari. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014, inahusu haki ya nchi juu ya rasilimali zake za kijenetiki. Majarida mengi sasa huuliza kibali kabla ya kukubali makala, na kwa kawaida kibali hakitolewi kwa kurudi nyuma. Kwa ndege, vielelezo kwenye alkoholi huruhusiwa vikiwa katika vyombo visivyozidi mililita 30 za kimiminika kila kimoja na jumla ya lita 1 kwa kifurushi, vimefungwa kwa tabaka zisizovuja. Wengine huimwaga ethanoli siku ya safari, wakaacha pamba iliyolowa ndani ya chupa, kisha hujaza upya wakifika.

Kwenye pini

Sisimizi hachomwi pini mwilini. Hukatwa pembetatu ndogo ya kadi ngumu, pini ikapita kwenye upande mpana wa kadi, na sisimizi akagundishwa kwenye ncha, chini ya kidari, kati ya miguu ya katikati na ya nyuma. Gundi iwe ya kuyeyuka kwa maji ili aweze kubanduliwa, na iwe kidogo sana. Gundi iliyozidi hufunika mashina ya miguu na upande wa chini wa kiuno, mahali penye alama muhimu. Pini moja inaweza kubeba hadi wafanyakazi watatu wa kiota kimoja, kamwe si wa viota viwili.

Vumbi la jangwani hung'ang'ania mwili, hasa kwa wale wenye manyoya mengi. Litolewe kwa brashi ya nywele chache, ndani ya alkoholi yenye tone la sabuni, kabla ya kukausha.

Hapa pana jambo linalofaa kukaziwa, kwa sababu limezaa spishi za uongo. Funguo nyingi za utambulisho, yaani misururu ya maswali ya kumtambua spishi, huuliza idadi ya nywele zilizosimama mgongoni, kwenye kiuno au kwenye shina la kipapasio. Mfanyakazi mzee wa jangwani amepita kwenye mchanga miezi kadhaa, na nywele zake zimekatika. Vivyo hivyo Messor aliyepasua mbegu na kuchimba udongo mgumu: meno ya taya yake huchakaa hadi ukingo ukabaki laini, na msomaji wa ufunguo akahesabu meno machache kuliko yaliyokuwapo. Ukitazama kwa ukuzaji wa mara 80 au zaidi, kwenye mwanga ulioenezwa, utaona kitundu kidogo pale nywele ilipokuwa imeota. Hesabu vitundu, usihesabu nywele. Chukua pia wafanyakazi vijana kutoka ndani ya kiota, ambao hawajatoka nje. Wale waliopauka sana wametoka kwenye kifukofuko karibuni; rangi yao haisemi chochote kuhusu spishi.

Kutoka familia hadi jenasi

Hatua hii ni ya haraka kwa mwenye uzoefu. Kiuno chenye mafundo mawili humwelekeza mtu kwenye Myrmicinae, nusufamilia ya Messor, Monomorium, Pheidole, Tetramorium na Ocymyrmex. Fundo moja pamoja na kitundu cha mviringo kwenye ncha ya fumbatio, mara nyingi chenye shada la nywele, ni Formicinae: Cataglyphis, Camponotus, Lepisiota, Melophorus wa Australia. Fundo moja na mpasuo badala ya kitundu ni Dolichoderinae. Halafu huhesabiwa pingili za kipapasio na pingili za rungu lake, na kutazamwa mahali kipapasio kinapoanzia usoni. Ndevu ndefu chini ya kichwa, zinazotumika kubebea mchanga, zisikudanganye. Zimejitokeza mara nyingi katika koo zisizo na undugu wa karibu, kwa sababu zote zinachimba mchanga mkavu.

Kama kielelezo kimetoka kwenye oasisi, shamba la umwagiliaji au karibu na nyumba, anza kwa kuwaondoa wasafiri wa dunia: Monomorium pharaonis, Paratrechina longicornis, Tapinoma melanocephalum na Trichomyrmex destructor. Ni wageni waliozoea kusafiri na mizigo, na kielelezo kimoja kilichofifia rangi huweza kumfanya mtu aamini ana kitu kipya.

Vipimo

Vipimo vya msingi ni upana wa kichwa, urefu wa kichwa, urefu wa shina la kipapasio, urefu wa jicho na urefu wa mshazari wa kidari, vyote kwa usahihi wa milimita 0.01. Kutoka hapo hutengenezwa viwiano. Mfano: shina la kipapasio likiwa milimita 1.20 na upana wa kichwa milimita 1.00, kiwiano chake ni 120, yaani 1.20 ikizidishwa kwa 100.

Kosa kubwa hapa ni mkao. Kichwa lazima kiwe sambamba na lenzi, ukingo wa mbele na wa nyuma vyote vikionekana kwa ukali kwa wakati mmoja. Kikiinama nyuzi 10 tu, urefu unaosomeka hupungua kwa takriban asilimia 1.5, kikiinama nyuzi 20, kwa asilimia 6. Tofauti ya asilimia 6 inatosha kabisa kumtengenezea mtu "spishi" kwenye karatasi.

Kosa la pili ni kusahau kwamba maumbo hubadilika kadiri mwili unavyokua. Kwa Messor, Cataglyphis na Camponotus, mfanyakazi mkubwa ana kichwa kipana na vipapasio vifupi kwa uwiano kuliko mdogo wa tumbo moja naye. Ukimlinganisha mkubwa wa kiota A na mdogo wa kiota B, viwiano vitapishana sana bila sababu ya kitaksonomia. Dawa ni kuchora upana wa kichwa kwenye mhimili mmoja na urefu wa shina la kipapasio kwenye mwingine, kwa wafanyakazi wa ukubwa wote kutoka viota vingi iwezekanavyo. Nukta zikipanga mstari mmoja, una spishi moja yenye wadogo na wakubwa. Zikipanga mistari miwili isiyogusana, na mistari yote miwili ikaonekana pia mahali ambapo aina hizo zinaishi jirani, una hoja nzuri. Ushahidi wa ujirani una nguvu kuliko wowote: makundi mawili yanayokaa tuta moja na bado yakabaki tofauti yanaonyesha hayachanganyiki. Tofauti kati ya vielelezo vilivyotenganishwa na kilomita 900 huenda ikawa ni mabadiliko ya taratibu ambayo katikati yake hakuna aliyekusanya.

Majina ya wafu

Mtu akifika hapa na bado hajapata jina, anaingia kwenye sehemu inayokula muda wote. Sheria ya kipaumbele inasema jina halali ni la kwanza lililochapishwa kwa kufuata kanuni. Basi ni lazima kujua kila jina lililowahi kutolewa kwa jamaa wa sisimizi huyo.

Kwa Sahara na Afrika Kaskazini jina lisilokwepeka ni Felix Santschi, daktari Mswisi aliyefanya kazi Kairouan, Tunisia. Ndiye aliyeonyesha mwaka 1911, kwa kutumia kioo, kwamba sisimizi hujiongoza kwa jua. Alitoa mamia ya majina, mengi yakiwa ya nususpishi na "varieteti", yaani aina ndogo ndani ya spishi. Kundi la Monomorium salomonis pekee lilirundikiwa majina ya namna hiyo hadi leo ni kichaka kigumu. Kanuni hapa ni za kiufundi lakini zina matokeo makubwa. Jina la nne, lililoongezwa baada ya jenasi, spishi na nususpishi, halitambuliwi kama lilivyotolewa. Jina la tatu lililotolewa kama varieteti kabla ya mwaka 1961 kwa kawaida linahesabika, na linaweza kuwa ndilo jina la spishi yako "mpya". Kwa hiyo kila moja hutafutwa kwenye chapisho lake la asili, hata likiwa mistari mitatu ya Kifaransa au Kilatini bila mchoro.

Maelezo hayo mafupi hayatoshi. Kinachoamua ni kielelezo chenyewe kilichobeba jina, yaani tipi. Tipi za Santschi ziko Basel; za Forel na Emery, wataalamu wengine wa sisimizi wa zamani, nyingi ziko Geneva na Genova, Italia, kwa mfuatano huo. Waandishi wa zamani hawakuchagua kielelezo kimoja. Waliacha kadhaa vyenye hadhi sawa, na mara nyingine msururu huo una spishi mbili. Mtaalamu wa sasa huchagua kimoja kiwe lektotipi ili jina lipate mwenyewe. Picha za AntWeb, mradi wa California Academy of Sciences ulioanza mwaka 2002, zimepunguza safari nyingi: kila kielelezo hupigwa uso, ubavu na mgongo. Hata hivyo picha haikuonyeshi upande wa chini wala nywele zilizojificha, na ambaye uamuzi wake unategemea alama hizo hana budi kuiona tipi au kumwomba mtunzaji aitazame.

Shida nyingine ni majina yaliyotolewa kwa dume peke yake. Siafu ni mfano mzuri. Mwaka 1764 Linnaeus, mwanzilishi wa mfumo huu wa majina, alimpa jina dume wa siafu wa kusini mwa Afrika, yule mdudu mnene mwenye mabawa anayegonga taa usiku, akamweka kwenye jenasi ya nyigu: Vespa helvola. Leo ni Dorylus helvolus. Katika jenasi hiyo bado ziko spishi zinazojulikana kwa dume tu, na mtu anayekusanya wafanyakazi hawezi kujua kama ana kitu kipya au ana dada wa dume aliyekwisha kutajwa. DNA hutatua hili vizuri, mradi dume wa uhakika apatikane.

DNA inaposema kweli nusu

Kwa kawaida hutolewa mguu mmoja, au mwili mzima hulowekwa usiku kucha kwenye kimeng'enya kwa nyuzi 55 hivi bila kuvunjwa, kisha ukarudishwa kwenye pini. Husomwa kipande cha jeni ya COI, iliyo kwenye mitokondria za seli, chenye herufi 658. Wengi huambiwa kwamba tofauti ya asilimia 2 au 3 ni spishi mbili. Hakuna sheria kama hiyo. Sisimizi hutembea kidogo, na malkia wasio na mabawa hutembea kidogo zaidi, kwa hiyo sisimizi wa spishi moja kwenye mabonde mawili huweza kutofautiana sana.

Kikubwa zaidi, COI hurithiwa kwa mama tu. Katika majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani kuna koo za Pogonomyrmex, kati ya P. barbatus na P. rugosus, ambamo malkia hulazimika kujamiiana na dume wa ukoo mwingine ili apate wafanyakazi. Wafanyakazi wote ni chotara. Malkia wapya ni wa ukoo safi. Cataglyphis hispanica ana mpango unaofanana na huo. Mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha jambo la ajabu zaidi: malkia wa Messor ibericus hutaga madume wa spishi nyingine, Messor structor, na kwa mbegu za kiume za spishi hiyo hutengeneza wafanyakazi chotara. Kiota kimoja, mama mmoja, madume wa spishi mbili.

Fikiria matokeo yake kwa anayetaka kuainisha. Mfanyakazi wa kiota kama hicho ana sura ya katikati, COI yake inamtaja mama peke yake, na dume aliyetoka chumba cha pili anaweza kuwa wa spishi nyingine kabisa. Ile kanuni ya "kiota kimoja, spishi moja", ambayo kazi yote ya juu imeiegemea, inavunjika. Kwa Messor, Cataglyphis na Pogonomyrmex, kabla ya kutangaza spishi, zisomwe pia jeni za kiini cha seli, na zitoke kwa malkia na madume pamoja na wafanyakazi. Wafanyakazi wakionyesha nakala mbili tofauti kila mahali, huku malkia wakiwa na aina moja, simama hapo.

Mahali DNA na umbo vinapokwenda pamoja, kazi huwa imara. Mapitio ya jenasi Melophorus ya Australia yaliyochapishwa mwaka 2017 yalitumia COI, jeni nne za kiini na mofolojia kwa pamoja, yakafikia spishi 93, sehemu kubwa zikiwa hazijawahi kupewa jina.

Kulitoa jina

Toleo la nne la Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2000. Spishi mpya inahitaji holotipi, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina, au msururu wa vielelezo vyenye hadhi sawa, vikiwa vimetajwa waziwazi, taasisi vitakakohifadhiwa, na maelezo yanayoonyesha inavyotofautiana na nyingine. Chapisho la kielektroniki lazima liwe limesajiliwa ZooBank, daftari rasmi la majina ya wanyama, na usajili huo uonekane ndani ya chapisho. Likikosa, jina halipo kisheria hata kama kila gazeti limelitangaza. Holotipi iwe mfanyakazi mzima, mwenye vipapasio viwili kamili na nywele zisizokatika, kutoka kiota chenye msururu mkubwa.

Kilatini kina masharti yake: kivumishi hufuata jinsia ya jenasi. Messor ni ya kiume, Cataglyphis ya kike, Monomorium ya kati. Neno lilelile litakuwa arabicus, arabica au arabicum. Ndiyo maana vitabu vya zamani vina Cataglyphis bombycinus na vya sasa vina bombycina. Jina la heshima kwa mwanamume huishia -i, kwa mwanamke -ae.

Sehemu yenye manufaa zaidi katika chapisho zima ni ufunguo wa utambulisho uliosahihishwa, unaomwezesha mtu mwingine kutofautisha spishi hiyo na jirani zake kwa hadubini ya kawaida. Ujaribiwe na mtu ambaye hakuuandika, kwa vielelezo ambavyo hajaambiwa ni nini. Akikosea mara mbili kwenye swali lilelile, swali ndilo lenye kasoro. Paratipi, yaani vielelezo vingine vilivyotajwa pamoja na holotipi, zigawiwe makumbusho kadhaa, ya kwanza ikiwa ya nchi alikotoka sisimizi, na chupa ya ethanoli ya kiota cha holotipi ibaki kwenye friza ikiwa na namba ileile iliyo kwenye pini.